Miguu ya Nyuma

Mama aliuliza kwenye simu: Umepewa sehemu gani?
Nikasema: Ng'ombe.
Akapiga kelele za furaha, akasema atawaambia majirani.
Sikumwambia ni nusu ipi.

Nusu ya mbele ni Emmett Halvorsen, mwaka wa tatu,
mwenye pembe, mwenye kope, ndiye anayelia muu.
Mimi nimekunjika nyuma yake, paji la uso kiunoni mwake,
mkono mmoja umeshika mshipi, mwingine kamba ya mkia.
Wahenga walinena ng'ombe haelemewi na nunduye.
Hawakuulizwa habari za mtu aliyeinama ndani ya ng'ombe.

Ngozi kaishona Loretta Skaar.
Mabaka meusi kayakata katika pazia kuukuu la jukwaa,
ndiyo maana humu ndani kunanuka vumbi la michezo ya watu wazima,
miaka thelathini ya wafalme kuuawa.
Loretta ana pini mdomoni tangu Oktoba;
huzungumza nasi kwa nyusi.

Kubiak, seremala, kajenga mlango wa zizi
akaufunga mara arobaini juu ya kidole chake mwenyewe
mpaka akaridhika kwamba hautamng'ata mtoto.

Na Profesa Ostrander, miaka sitini na mmoja,
alizipita safu zote kwa magoti
aone jukwaa kwa kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.
Akasimama, akapangusa soksi.
"Safu ya nne hakuna ng'ombe," akasema.
"Kuna kisogo cha mtu tu."
Basi jukwaa likainuliwa shubiri mbili.
Kubiak hakulalamika.
Alilalamika kidogo.

Juu, nyuma ya kioo, Pa Nhia Xiong
na daftari lenye vikaratasi vya rangi, na chai iliyopoa.
Yeye akisema "nenda," mwanga unakwenda, mlango unakwenda,
sauti yake i masikioni mwa kila mtu isipokuwa mimi,
maana hakuna waya unaofika tumboni mwa ng'ombe.
Mimi hungoja teke la Emmett.

Jumanne, saa tatu na nusu asubuhi,
Januari ya Wisconsin, baridi ya kugandisha mate.
Mabasi kumi na moja ya manjano. Watoto mia nne,
buti, glavu zilizoloa, mtu keshamwaga maziwa.
Siwaoni. Nawasikia wakiingia
kama kunde zinazomiminwa kwenye sinia.
Ng'ombe akalala, ng'ombe akaamka.
Walicheka pale tulipotaka wacheke,
na pale ambapo hatukutaka.

Kisha maswali. Tumeketi ukingoni mwa jukwaa,
Emmett amepakata kichwa, mimi jasho mpaka nyayoni.
Msichana mmoja, pengo mbele, kanyoosha mkono na bega zima:
"Ng'ombe wenu anaamka vibaya."
"Weslyn," mwalimu akanong'ona. "Weslyn, keti."
"Lakini ni kweli! Farasi huanza mbele.
Ng'ombe huinua matako kwanza.
Kwetu wako themanini. Mimi ndiye ninayewaamsha."

Tukanyamaza.
Loretta akatoa pini zote mdomoni, moja moja.
"Mtoto kasema kweli," akasema. Nimekulia humuhumu,
maziwa ya nchi hii yamenijenga mifupa,
na sikuwahi kumtazama ng'ombe akiamka.

Mchana ule hatukula. Tulilala chini, tukaamka,
tukalala, tukaamka. Goti la Emmett likachubuka.
Pa Nhia akafuta mstari kwenye daftari, akaandika mwingine,
akashuka ngazi zote kuja kuniuliza, mimi,
nitahitaji hesabu ngapi.
Tatu, nikasema.

Mama anakuja Jumamosi. Bado sijamwambia.

Jumatano. Giza, halafu alfajiri ya taa, ile ya buluu.
Emmett katulia kabisa, mara hii yeye ndiye anayengoja.
Moja. Mbili.
Nikanyanyua pazia kuukuu na wafalme wake wote,
miguu ikitetemeka, mkia juu,
na kutoka safu ya nne hivi, au ya tano,
nikasikia sauti ndogo ya mtu anayejua kazi:

"Eeh."