Kisanduku cha Hiari

Wameandika: si lazima. Ukitaka, leta alama;
usipotaka, pita, hatutakuuliza.
Saa nane usiku, Al Khoud. Kiyoyozi kinadondosha
kwenye ndoo ya rangi aliyoitega Mama,
nami nimekikodolea macho kisanduku kitupu
kama mtu aliyeambiwa ajichagulie hukumu.

Hisabati: mia na sitini na nane.
Maneno: mia na arubaini na tano.
Ningetuma moja nikaficha ya pili, lakini haiwezekani,
zimefungwa kamba moja, mbuzi na fisi.

Ati maneno!
Mimi niliyelelewa kwa Kiswahili cha jikoni,
nikasomeshwa kwa Kiarabu, nikaajiriwa kwa Kiingereza cha mitambo.
Siku ile, chumba cha mtihani Ruwi, wamenivua hadi bangili,
nikakutana na neno ambalo kwetu hajapata kulitamka mtu.
Likanitazama. Nikalitazama. Saa ikaenda.

Shangazi Thuwaiba, kwenye simu tangu magharibi:
"Mgeni hukaribishwa ukumbini, Rayya.
Nani aliyemwonyesha stoo?"
Na Mama, kutoka chumbani, bila kuulizwa:
"Hiari yashinda utumwa."
Naam, Mama. Ila hiari hii imeninyima usingizi
wiki ya pili sasa, na maombi yanafungwa asubuhi.

Kazi yangu kupima chumvi, mtamboni Barka.
Bahari inaingia kali, inatoka maji baridi,
na katikati nipo mimi na kalamu.
Mwaka juzi, zamu ya alfajiri, namba ilipanda.
Bwana Hilal akasema, "Acha wazi, tutajaza kesho."
Sikuacha. Mabomba yakafungwa, mtaa mzima ukanung'unika.
Hilo ndilo linalonikereketa kooni.

Lakini kipima-chumvi nacho hakiulizwi habari za joto.
Mtihani ule haukutaka kujua
Mama anayaitaje maji ya kisima, ya mvua, ya falaji,
na haya ya mashine, anayoyanywa akisema hayana roho.

Nimekiacha wazi. Nimebonyeza tuma.
Hakikutokea kitu. Ndoo ilikuwa imejaa,
nikaenda kuimwaga.

Saa kumi na moja niko Barka, koti jeupe, macho mazito.
Namba ya kwanza imekaa vibaya kidogo.
Naiandika, kwa wino.
Hapa hapana kisanduku.