Robo Mzunguko

Nimelala chali chini ya jiko la mama,
tochi mdomoni, utando wa buibui usoni.
Boriti ya tatu imenepa kama mgongo wa farasi mzee.
Naichoma bisibisi: inazama hadi mpini,
inatoka na unga wa kahawia, harufu ya uyoga.
Baridi ya Gaspé haijatoka humu
tangu babu aliposhindilia mawe haya ya msingi.

Euclide, jirani, ameshusha jeki mbili za chuma
alizorithi kwa mjomba aliyeinua makanisa.
"Robo mzunguko kwa siku," ananionya.
"Ukizidisha, lipu itapasuka huko juu, vioo vifuate.
Mti uliochukua miaka hamsini kuinama
hauamrishwi kusimama."

Basi robo.
Kila jioni nikitoka zamu ya kiwanda cha samaki
nashuka na spana, nazungusha, nasikiliza.
Nyumba inaguna. Msumari unalia mahali fulani.
Juu, kiti kinaburuzwa, kisha sauti:
"Wewe huko chini, umekula?"

Wiki sita. Theluji inayeyuka mtaroni
tunapoifunga boriti mpya ubavuni mwa ile ya kale,
bolti kumi na mbili, nguzo juu ya zege lililokauka.
Naweka pimamaji sakafuni. Kiputo kinatulia katikati.
Golori niliyoikimbiza utotoni
toka mlangoni hadi chini ya jiko
inakaa pale nilipoiacha,
kama iliyosahau njia.

Lakini mlango wa stoo haufungi;
baba aliuranda ufuate mteremko.
Mama anajikwaa palipo sawa.
Anamimina chai, inapita ukingo wa kikombe:
mkono wake bado unalipa deni la sakafu ya zamani.
Na meza, iliyotulia miaka yote, inayumba.

Napiga magoti. Chini ya mguu mmoja wa meza
kuna karatasi iliyokunjwa mara tano, ngumu kama ngozi.
Penseli. Mwandiko wa baba:
*misumari, kopo la lami,
jeki (nimwulize Euclide),
boriti ya jikoni, Jumamosi.*

Mama anaisoma, miwani kaishika mbali na uso.
"Jumamosi ipi, Rosaire?"
Hakuna anayejibu. Euclide anakagua kofia yake.

Anaikunja kwa mikunjo ileile,
anaitia mfukoni mwa aproni.
"Kesho uurande mlango," ananiambia.
"Meza iache iyumbe kidogo."