Mwezi wa Siku Kumi na Moja

Kibaigwa, malori yamepanga foleni kabla ya jua,
na mimi karani nimesimama na kalamu yangu, sikai.
Sikai tangu siku ile
nilipoinuka juu ya gunia la mzee Chilongani
na gunia likabaki na alama.
Aliligeuza upande wa pili, hakusema neno.
Nami nikaliandika kama mengine: mia moja na kumi na nne.

Nina miaka arobaini na saba.
Nilidhani umri huu mto hukauka taratibu,
kama mito yetu ya Ugogo,
mchanga mtupu miezi minane, unafukua kwa mkono
ndipo uambulie kata moja.
Sikuambiwa kuna mafuriko ya mwisho.

Pedi mbili kwa pamoja, juu yake kipande cha khanga kuukuu,
juu yake gauni jeusi, Jumatatu hadi Jumamosi,
hata wachuuzi wakaanza kunipa pole:
karani, umefiwa na nani?

Ndoo ya maji kwetu inanunuliwa.
Nafua usiku, taa nimeizima.
Ndoo ya kwanza nyekundu, ya pili kama togwa la ulezi,
ya tatu naimwaga kwenye mpapai nyuma ya choo.
Mpapai ule umezaa mwaka huu
mpaka majirani wanauliza mbegu.

Wifi yangu Damari alisema: ni damu chafu, iache itoke,
ukiizuia itakupanda kichwani.
Nikaiacha. Nikanywa na mizizi yake, miezi miwili,
chungu kama deni.
Hadi asubuhi moja mbele ya mizani
mshale ukasoma kilo mia, mimi nikasoma mia tisa,
kisha nikaona viatu vya wapagazi
karibu sana na uso wangu.

Dodoma mjini, Daktari Tulinagwe, binti mdogo,
angeweza kuwa mwanangu wa pili,
alinivuta kope la chini: jeupe kama sembe.
Wingi wa damu, sita nukta mbili.
Mama, mtu hasimami na sita.
Nikamwambia, mimi nimesimama tangu mavuno ya mwaka jana.
Hakucheka. Akaandika.
Kisha akasema, bila kuinua macho:
Na hakuna damu chafu, mama. Ile ilikuwa damu yako.

Hapo ndipo nililia. Si kwa sindano.

Vidonge viwili, mara tatu, siku za mwanzo tu zile nzito.
Na cha chuma kila siku, kwa maji ya ubuyu,
chai mbali, saa mbili kabla na saa mbili baada.
Mimi, mtoto wa chai!
Simu inalia saa nane gulioni, vijana wananitania:
karani, huyo anayekuita kila siku ni nani?

Lazaro aliviona ndani ya kopo la majani.
Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne, gizani,
akauliza: Ulipima lini?
Sikuelewa. Halafu nikaelewa,
nikacheka hadi kitanda kikalia,
nikamshika mkono nikampeleka uani, nikawasha taa,
nikamwonyesha ndoo.
Miaka ishirini na mbili ya ndoa, hakuwahi kuiona.
Akainama, akaitazama muda mrefu.
Kesho yake aliamka kabla yangu
kwenda bombani na madumu mawili.
Hatujazungumza tena habari hiyo.
Madumu yanajaa.

Huu ni mwezi wa nne. Umekuja, haukunisahau.
Siku ya pili ilikuwa nzito bado. Ya tano, nyepesi.
Ya sita, mchana, kati ya lori la Kiteto na lori la Kongwa,
nilikaa.
Juu ya gunia, kama mtu.
Nikainuka, nikageuka kutazama.

Vumbi. Punje tatu za mahindi.

Mwezi ujao siujui.
Nimekaa tena.