Tano Chini ya Kiganja

Mvua ya Tukuyu ikipiga bati hatusikiani,
basi nafundisha kwa vidole.
Dadu nimezichonga kwa makokwa ya parachichi,
nukta nimezichoma kwa msumari wa moto;
moja imekauka ikapinda, hupenda kulalia tano.

Tumpe anarusha. Tano, na tatu.
Anaanza mwanzo, nukta kwa nukta,
kama aliyefika Kiwira
akarudi nyumbani kuianza safari upya.

Naifunika ile tano.
Ananikazia macho.
Kidole chake chagusa mgongo wa mkono wangu,
midomo yasema: tano.
Kisha sita, saba,
na nane anaipigia kelele hata mvua ikaisikia.

Gwamaka, aliyeshindwa, haamini.
Anakiinua kiganja changu taratibu,
kuhakikisha tano bado ipo.