Wa Nane

Kwetu Manyovu mama hakuhangaika na majina:
wa saba Nyandwi, wa nane Minani.
Ukitaka kutuita, hesabu.
Minani ni mimi.
Nalisema polepole, nimekaa kwenye benchi
nje ya ofisi ya chama cha soka, Mwanga,
na karani ananitazama kama niliyekuja kuuza mali ya wizi.
"Unamtaka Mwenyekiti Minani? Wewe ni nani?"
Minani.
Akacheka, akaendelea kugonga mihuri.

Ilikuwa hivi. Nyandwi alifeli darasa la saba.
Mimi nilishaacha la sita, niko Kibirizi
napakia magunia ya dagaa,
na jina langu limebaki kwenye daftari la mwalimu
kama shati lililosahauliwa kambani.
Baba akamwambia: livae.
Likamkaa.
Akaenda nalo michezo ya shule, umri umepungua miaka mitatu,
lakini mguu wa kushoto ni uleule
ulionivunja jino uani
tukigombea mpira wa majani ya migomba.

Kisha redio.
Miaka kumi na mitano, redio.
Minani anaupokea, Minani anageuka, Minaaani!
nami nina gunia kichwani, maji yamenifika magotini,
wachukuzi wananipiga mgongoni: umefunga tena, bwana!
Nilifunga Dar. Nilifunga Lubumbashi, Khartoum,
miji ambayo sijui hata inanukaje.
Nilikosa penalti moja, Tunis,
na usiku ule Gungu nzima ikamtukana mama yake Minani.
Nililala nimejifunika shuka hadi utosini.
Matusi yale yalijua ninapolala.

Jezi tisa, jina nane, mtu wa saba.
Mama peke yake hakupotea hesabu:
siku aliporudi na gari, na sanduku zima la viatu,
alisimama mlangoni, mikono ina mawese,
akasema, Nyandwi, umekonda.

Magoti yalipokataa, akahamia kwenye kiti.
Nisimpunje: kiti amekitendea haki.
Mapato ya mlangoni anahesabu mwenyewe, noti kwa noti,
kama anayeokota dagaa mchangani.
Wajumbe wawili waliokula fedha za safari aliwafukuza
mchana kweupe, mbele ya wake zao.
Alichimba choo cha wanawake uwanjani, akakizindua bila hotuba.
Hakuna aliyewahi kumwita mwizi.
Hata mimi.

Jana usiku akanipigia. "Njoo ofisini. Njoo na kitambulisho."
Basi. Akakata.

Mwisho wa benchi hili kuna kijana,
njumu zimefungwa kamba, zinaning'inia shingoni.
Wa Kakonko, anasema. Timu ya vijana.
Wapinzani wameleta pingamizi: cheti si chake, ni cha binamu.
Adhabu inajulikana, miaka miwili nje,
na kwa mshambuliaji miaka miwili
ni sawa na kumkata mguu ukamwachia kiatu.
Namuuliza, unaitwa nani, mwanangu?
Anatafuna ukucha. Anaangalia mlango.
"Lipi?" anauliza.

Ningemwambia nini?
Kwamba jina huzoea? Kwamba yuko mtu mahali fulani
anasikiliza redio kwa ajili yako,
na hujui kama anashangilia?

Mlango unafunguka.
"Minani," anaita Mwenyekiti,
na tangu darasa la sita
ni mara ya kwanza nalisikia linakuja upande wangu.
Nasimama. Naye hanitazami usoni.

Mezani kuna faili la mtoto. Juu ya faili, karatasi,
na kwenye karatasi, mara tano, mara sita,
kalamu imejaribu saini isiyowahi kutiwa popote:
Nyandwi. Nyandwi.
Herufi kubwa, zimelalia upande mmoja,
mwandiko wa mtoto
wa darasa la saba.