Zamu ya Usiku

Neno amani limo mara kumi na moja.
Nimehesabu kwa kidole, kama mtoto na juzuu.
Neno maji limo mara moja,
ibara ya sita, pale karatasi inapokunjwa
na wino umechubuka.

Baba ndiye aliyeandika. Karani Muhanna,
aliyerudi Oman na kasha la Unguja
na Kiswahili cha kusemea ndani ya nyumba.
Walimwita Bahla kwa ajili ya hati yake nzuri.
Usiku ule Mama alimuuliza: Wametutendea haki?
Akafuta kalamu. Akasema: Imeandikwa vizuri.

Basi mnara tukaubomoa wenyewe,
jiwe kwa jiwe, na mawe wakatuhesabia.
Bunduki mia mbili na nne tukazilaza mikekani
kama wagonjwa.
Na zamu yetu ya falaji ikahama
kutoka mchana kwenda usiku.

Hawakutuua. Hilo nalo liandikwe.
Walileta mbegu za ngano, magunia thelathini,
na daktari wa macho, siku mbili.
Wajukuu wao huniuliza kwa adabu, kahawa mkononi:
Bi Shinuna, mlitaka nini zaidi?
Nami hukosa la kusema, maana mchana
kivuli cha kijiti humpimia kila mtu,
mjinga na mwerevu,
ila usiku lazima uzijue nyota,
na wingu likitanda
tunagombana gizani sisi kwa sisi,
na aliyetushinda amelala.

Mwaka jana nilifika chini ya kasha.
Chini ya kanzu, karatasi nyingine, hati ile ile:
masharti yetu sisi
ya kuwapa wao, lau tungeshinda.
Yaliandikwa kabla ya risasi ya kwanza.
Amani, mara tisa.
Maji: mchana wetu. Usiku wetu.

Nikaikunja. Sijamwonyesha mtu.
Je, deni hufutika
kwa kuwa mdai naye alikuwa mwizi moyoni?
Nimeziuliza kuta. Kuta zina masikio tu.

Leo zamu yangu imeanza saa nane,
nyota ndogo ilipogusa ukingo wa jebeli.
Tochi, jembe, tambara la kuzibia.
Nimeondoa jiwe, maji yakaja
baridi vifundoni, hadi kwenye majani ya mbuzi,
hadi kwenye mtende alioupanda Mama.
Miaka yote hii sijaiba hata dakika.
Leo, wakati wa kufunga,
nimechelewa kidogo.
Kidogo tu.