Vidonge Themanini

Miaka kumi na tisa nasimama langoni, kituo cha maziwa, Rushere,
saa kumi na mbili asubuhi, mikebe ikiteremshwa kwenye bodaboda,
nafunua kifuniko, nainamisha pua
kabla upepo haujaiba kilichofungiwa ndani.
Huyu mkebe wake haukuoshwa.
Huyu ng'ombe wake kapitia vitunguu mwitu.
Huyu kachanganya ya jana na ya leo. Mrudishe.
Wakaniita Pua. Hata shuleni mwanangu ni Mtoto wa Pua.

Kisha mafua ya Machi.
Siku nne kitandani, ya tano nikaamka mzima,
na dunia imesuuzwa kwa maji matupu.

Sasa nafunua kifuniko, nakuta baridi.
Baridi tu.
Najifanya: nakunja uso, natikisa kichwa,
halafu natia spiriti kikombeni kwa siri nione kama yataganda.
Jumanne hata hilo nililisahau.
Rwabutomize akanipitishia lita arobaini zilizochacha,
tangi zima likaenda mtaroni, jeupe, mbele ya watu.
Meneja hakusema neno.
Alinitazama katikati ya uso.

Daktari wa Mbarara ni kijana msema kweli, na ukweli wake unachosha.
"Hizi ni steroidi, mzee Katarikawe.
Nane kila asubuhi baada ya kula, siku saba,
kisha unashuka: sita, nne, mbili,
kama mtu kwenye ngazi gizani. Usiruke."
Pua itarudi?
"Kwa wengine. Na wapo waliorudi bila kumeza kitu.
Ushahidi ni mwepesi,"
akapima hewa kwa kiganja, "na umechelewa miezi mitano."
Halafu akachungulia karatasi ya damu yangu:
sukari inabisha hodi, haijaingia.
Dawa hii huifungulia mlango.

Kaka yangu Bagarukayo tulimzika mara mbili,
kwanza mguu.

Shemeji Kemirembe alivimeza kwa ajili ya pumu.
Saa tisa usiku tulimsikia akifagia ua.
Alililia mpira redioni, timu asiyoijua,
uso ukamjaa kama sahani,
akala mihogo ya watoto wote.
Lakini alipumua. Hilo nalo liandikwe.

Na upande wa pili wa mizani niweke nini?
Kazi, ndiyo. Ada ya shule.
Sufuria iliyoungua nami nimeketi hatua mbili,
hadi mke wangu akapiga kelele kutoka bustanini.
Shingo yake, ambayo sasa ni ngozi tu.
Na kile kyanzi cha mama, kilichofukizwa kwa nyasi:
maziwa yake yalikuwa na moshi ndani,
moshi mtamu, wa jioni,
na nikiyanywa leo nanywa weupe.

Kyarisiima anasema miguu yangu anaihitaji kuliko pua.
Anasema hivyo, kisha anachukua nyasi, anakifukiza kyanzi,
ananiwekea usoni asubuhi na jioni kama daktari alivyoelekeza:
kyanzi, limau, kahawa, karafuu,
sekunde ishirini kila kimoja, miezi na miezi.
"Umepata?"
Nimepata picha ya mama ameinama. Si harufu.
Juzi, kwenye limau, kitu kama waya ulioungua kilipita,
kikaondoka bila kuaga.
Sikumwambia. Huenda nilikitaka mno.

Leo kijana wa Kamurasi kaleta mkebe wake wa kwanza.
Nikafunua, nikainama, nikainuka.
"Wewe nusa. Niambie."
Akadhani namtega. Akanusa mara mbili.
"Kama mvua," akasema, "ikianguka kwenye bati la moto."
Nikayaandika maneno yake daftarini, kwenye safu ya maoni.
Nikayapitisha.

Bahasha bado imo mfukoni mwa koti.
Kila nikiinama, vidonge vinachezacheza.